Sema Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, na mwanangu ametimiza miaka miwili na nusu bila kusema neno ambalo mtu asiye mama yake angelitambua. Kutwa nzima saluni nimeulizwa: huyu mtoto ataongea lini? Kana kwamba mimi ndiye ninayempangia ratiba. Sijui, jamani. Mimi ni msusi. Niulizeni habari za nywele.

Nyumbani tunamwita Mheshimiwa. Jina alipewa na baba yake alipokuwa na mwaka mmoja, kwa sababu alikuwa anakaa na kitambi chake, anatazama watu mmoja mmoja, na ukimuuliza swali hajibu. Tulicheka sana wakati ule. Siku hizi nikimwita hivyo mbele ya wateja naona wanavyotazamana kwenye kioo.

Siyo kwamba hana namna yake. Akitaka kitu anakuja, ananishika vidole viwili, anauvuta mkono wangu hadi kwenye kitu chenyewe na kuuweka juu yake. Mkono kwenye kikombe, anataka maji. Mkono kwenye kitasa, anataka kutoka. Mkono kichwani kwake, amechoka. Leo amenivuta sijui mara ngapi, nikiwa na kichwa cha mtu kimesukwa nusu na mafuta hadi kwenye viwiko. Mteja wa pili akasema, "Huyu ni bubu wa makusudi, anajua ana mtumwa." Nikamkaza nywele za kisogoni kidogo. Akapiga yowe. Nikamwambia pole dada, mkono umeteleza.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Wateja wawili tu, na wote wamekuja kujikinga, si kusuka.

Ijumaa, 7 Machi

Hospitali. Daktari wa watoto ni mtu mpole, ana sauti ya chini, na sina ugomvi naye ila kwa neno lake moja: huenda. Masikio ya Mheshimiwa yamepimwa, ni mazima, yanasikia hata karatasi ikikunjwa. Kwa hiyo huenda amechelewa tu, na wapo watoto wengi wa hivyo. Huenda ni tatizo la lugha yenyewe, yaani akili ipo, masikio yapo, lakini lugha haitaki kukaa. Huenda ni usonji, lakini anatazama watu machoni na anacheka na baba yake mpaka anakwama pumzi, kwa hiyo huenda siyo.

"Sasa ni lipi, daktari?"

"Ni mapema mno kumpa jina, mama. Tutampima tena mwishoni mwa Mei. Kwa sasa nawapeleka kwa mtaalamu wa lugha."

"Na watu wakiniuliza, niseme nini?"

"Sema anafuatiliwa."

Anafuatiliwa! Kama mwizi wa kuku. Angeniambia ni ugonjwa fulani, ningelia, ningemaliza, ningejua pa kuanzia. Hii huenda hailiki wala haitemeki.

Jioni baba yake akauliza daktari amesemaje. Nikamwambia, huenda. Akacheka, akasema hata yeye wenye friji wakimuuliza kama itapona huwajibu hivyohivyo. Mume wangu ni fundi wa friji. Sikucheka, na alipoona sicheki akaenda kumbeba mwanawe.

Jumamosi, 15 Machi

Mama mkwe amefika. Paa lake linavuja, kwa hiyo atakaa kwetu hadi masika yaishe. Amekuja na sanduku moja na maoni mengi.

"Hata baba yake alianza kusema akiwa na miaka minne," alisema kabla hata hajavua viatu. "Na mnavyomwona sasa hanyamazi, mtajuta kumharakisha huyu."

"Si unaona?" mume wangu akaniambia.

Naona nini? Kisha mama mkwe akamalizia na ile methali, kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimeshaambiwa na wateja, na mpangaji wa chumba cha pili, na hata muuza mkaa. Mshindo wenyewe bado nausubiri.

Jumapili, 16 Machi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kumsalimia mama yake, pamoja na binti yake. Huyo binti tunamwita Redio. Ni mdogo kuliko Mheshimiwa. Hata mlango haujafunguka vizuri, tayari anatangaza: "Shikamoo bibi, nina viatu vipya, mama amesema nisikojoe kwenye kochi la mjomba!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, halafu nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Wifi akanifuata.

"Wifi, usijali. Kila mtoto na wakati wake."

"Najua, wifi."

Ni rahisi kusema kila mtoto na wakati wake ukiwa umezaa Redio. Nilimwonea wivu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mtu wa kumwambia: nilitamani yule mtoto anyamaze wiki moja tu, nimwone mama yake atakuwaje.

Alhamisi, 20 Machi

Leo tumemwona mtaalamu wa lugha. Nilitegemea mtu mzima mwenye miwani, kumbe ni binti mdogo, anavua viatu na kukaa chini kwenye zulia na watoto. Alipuliza mapovu ya sabuni, akafunga kichupa, akatulia. Mheshimiwa akatazama kichupa, akamtazama yeye, akamshika mkono na kuuweka juu ya kifuniko.

"Maa-po-vu," akasema yule dada, akafungua, akapuliza. "Umeona, mama?"

"Hivyo ndivyo anavyonifanya mimi kutwa nzima."

"Vizuri sana. Mwache aendelee. Ila nyumbani msimletee kila kitu kabla hajaonyesha anachotaka. Mkiona anataka kitu, subirini kidogo, mtazameni, kitajeni, halafu mpeni. Mpeni nafasi."

Njia nzima nilikuwa nakariri nisije nikasahau: subiri, taja, mpe. Jioni nikawasimulia wote mezani.

"Kwa hiyo asipewe mpaka aombe?" mama mkwe akauliza.

Nilikuwa nimechoka, maharagwe yanaungua. "Ndiyo, mama," nikasema. "Ndivyo hivyo."

Jumatatu, 24 Machi

Nimesubiri, nimetaja, nimempa. Hakusema.

Jumanne, 25 Machi

Vivyo hivyo.

Jumamosi, 29 Machi

Nimerudi toka saluni nimekuta nyumba ina sherehe. Mama mkwe amesimama katikati ya sebule, jasho linamtoka.

"Amesema maji! Kwa masikio yangu haya! Alisimama pale pale, akalinyooshea jagi kidole, akasema maji!"

"Mama, una uhakika? Hakuguna tu?"

"Mwanangu, nimezaa sita, sijui mguno?"

Nilikaa chini. Nililia. Mume wangu alipofika, akambeba Mheshimiwa juujuu, akamzungusha, kisha sote tukaketi kumzunguka na jagi, kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Baba yake akamimina maji kwenye glasi kwa mbali ili yatoe sauti. "Hii nini, Mheshimiwa? Eeh? Hii nini?" Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka. Akaunyoosha mkono wake kwenye mkono wangu. Nikauficha mgongoni. "Sema, baba. Sema maji." Akacheka tena kidogo. Halafu ikaonekana ana kiu kweli, akaanza kulia.

Hakusema. Tulijaribu hadi akalala.

"Si alisema mchana?" mama mkwe akanena. "Anajua vizuri sana. Anatufanyia jeuri."

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka, na ninauandika ulivyogeuka. Miezi yote hii nilikuwa namwonea huruma nikidhani hawezi. Kumbe anaweza, ila hataki? Nilihisi furaha na hasira kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo iliyokaa.

Jumapili, 30 Machi

Tumefanya kikao. Chakula cha mezani atapewa kama kawaida. Lakini kila anachokitaka kati ya mlo na mlo, maji, ndizi, mpira, kutoka nje, akiombe kwa mdomo. Sema kwanza. Yeyote atakayempa bila neno ni msaliti.

"Na akiwa na kiu?" mume wangu akauliza.

"Kiu itamfundisha," mama yake akamjibu. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Akanitazama mimi. Nikasema siku chache tu, tuone. Hata wifi amepigiwa simu na kuelezwa, asije akatuharibia.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ngumu. Asubuhi saluni alinishika vidole akanivuta kwenye kikombe. Nikautoa mkono. "Sema maji." Akanitazama mdomo, si macho, mdomo, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo. Akanishika tena. Nikautoa tena. Akajitupa sakafuni katikati ya nywele zilizokatwa, akalia hadi nyuzi za rasta za kusukia, zile za zambarau, zikamganda usoni. Mteja mmoja alichukua mkoba wake akaondoka. Mwingine akanisifu. "Kaza hivyohivyo, dada. Mtoto umleavyo."

Nilikaza. Alipolala kwenye magunia ya rasta, midomo imekauka, nikamnywesha kwa kijiko usingizini. Sikumwambia mtu.

Jioni nikamkuta mume wangu nyuma ya mlango wa jikoni, anampa maji.

"Wewe ndiye unayetuharibia!"

"Nimempa mwanangu maji. Sijamwibia mtu."

"Kwa hiyo mimi ni mama wa kambo?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema! Nyumba hii hakuna anayesema!"

Akavaa koti akaenda kutengeneza friji ya mtu ambayo, kwa ninavyojua, ilikuwa nzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakusema.

Jumamosi, 5 Aprili

Hakusema.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakusema. Kaniuma kidole gumba, nimesuka kutwa kimevimba.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ya mawe. Umeme umekatika. Hakusema.

Jumatano, 16 Aprili

Namshukuru Mungu, wiki hii mambo yametulia. Halii tena kwenye kikombe. Hanivutivuti nikiwa kazini. Anakaa kwenye magunia yake anapanga rasta kwa rangi, nyeusi huku, kahawia huku, na nimeweza kumaliza vichwa vitatu kwa siku, jambo ambalo sikuliweza tangu azaliwe. Yule mteja aliyesema ana mtumwa amekuja tena. "Umemfunza adabu," akasema. Nilijisikia vizuri. Mama mkwe naye anatembea nyumbani kifua mbele. "Neno lipo njiani," anasema. "Mtoto akishatulia, neno linakuja."

Mume wangu pekee hasemi kitu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokwenda.

Leo nilikuwa na mteja wa rasta nyembamba sana, zile za kutwa nzima. Asubuhi wakati namchambua nywele, kitana kilivunjika jino. Nilisikia likiruka. Nikatazama chini, sikuliona, nikachukua kitana kingine. Mheshimiwa alikuwa amevua viatu, kama anavyopenda, viatu vyake viko hapo chini ya kiti. Baadaye mvua ikaingiza maji mlangoni, nikamvalisha soksi na viatu harakaharaka, nikarudi kwenye kichwa cha mteja.

Muda kidogo akaja akasimama mbele yangu. Hakunigusa. Alisimama tu, mguu mmoja ameuinua kidogo, vidole tu ndivyo vinavyogusa chini, ananitazama. Nilikuwa nagawa nywele, mkia wa kitana mdomoni, nimeshika vishada vitatu.

"Eeh," nikamwambia. "Sema. Sema unataka nini."

Akaendelea kunitazama.

"Anataka kukojoa huyo," mteja akasema.

"Atasema," nikamjibu.

Nadhani alisubiri muda mrefu. Sina hakika kwa sababu sikuwa namtazama, nilikuwa natazama mstari wa nywele usipinde. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha kwenda kwenye magunia yake. Amekaa. Hakucheza na rasta. Nikasema moyoni, afadhali leo katulia.

Jioni alitembea nami hadi nyumbani. Njia yote. Matope, na ile ngazi ya mawe. Nilimshika mkono nikamhimiza, twende baba, mvua inarudi. Alitembea polepole nikamkaripia.

Wakati wa kumwogesha nikavua kiatu cha kushoto, soksi ikakataa kutoka. Nikavuta. Imeganda. Nikaona damu, ya zamani nyeusi na mpya nyekundu, na jino la kitana limezama kwenye unyayo, ncha tu ndiyo inaonekana. Lilikuwa limedondokea kiatuni, na mimi ndiye niliyemvalisha.

Hakulia. Hilo ndilo lisilonitoka moyoni. Nilivuta soksi kwenye kidonda kibichi na mtoto wangu hakulia. Alinitazama tu mdomo.

Mume wangu akamshika mguu, akalitoa kwa koleo ndogo anayotumia kwenye nyaya. Akaosha, akafunga kitambaa. Kisha akaniuliza, bila hata kufikiri, kama alivyokuwa akiniuliza zamani:

"Hakukuambia?"

Sote wawili tukasikia alichosema.

"Aliniambia," nikamjibu. "Nikamwambia aseme."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikumchelea, na aliyelia ni mimi, nimekaa sakafuni bafuni, nguo imelowa, mtoto anapigapiga maji kwenye beseni kwa mguu wake mzima. Nilitaka nimpige mtu. Nilitaka nimpige mama mkwe, na yule mteja, na daktari na huenda yake, na nilijua vizuri kabisa ni nani aliyekuwa ameshika kitana.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia mama mkwe kwamba yamekwisha. Atapewa anachotaka akikitaka.

"Mimi nilitaka mema, mwanangu."

"Hata mimi, mama."

"Na alisema maji. Mtaniona mwongo, lakini alisema."

Mume wangu akamwambia, "Mama, hata kama alisema." Mama mkwe akaenda kukaa karibu na mjukuu wake, akamenya ndizi na kuishika bila kusema neno. Mtoto hakuichukua. Aliinuka, akaenda mezani akajichukulia nyingine.

Ijumaa, 2 Mei

Kwa mtaalamu. Nilimweleza yote, hata lile la kijiko. Nilitegemea atanigombeza, na kwa kweli ningependa angenigombeza.

"Mama, nilisema msubiri kidogo. Sikusema mnyime."

"Najua."

"Kukushika mkono kulikuwa ni kuomba. Alikuwa anaomba vizuri sana. Watoto wengi huanzia hapo."

"Je, ataanza tena?"

"Wengi huanza tena. Akionyesha chochote, hata kwa macho, mpe papo hapo."

Wengi huanza tena. Kumbe huenda ina mdogo wake.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekaa karibu na kikombe, mkono wangu nimeuacha wazi juu ya meza kama ombaomba. Akapita. Akavuta kigoda, akapanda, akachota maji mwenyewe kwenye ndoo, nusu ikamwagikia kifuani.

Akaninyooshea kikombe? Hapana. Alikirudisha mahali pake.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuja.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuja kwangu. Jioni alimshika baba yake vidole viwili, akampeleka kwenye karakana yake ya friji ili asikie zinavyonguruma. Mume wangu alinisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Ni vizuri," nikamwambia.

"Atakuja na kwako, mke wangu."

"Nimesema ni vizuri."

Yeye alimpa maji nyuma ya mlango. Mtoto hasemi lakini hasahau.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimefanya kituko. Mteja mpya, mwanamke mnene mchangamfu, nimemsuka upande mmoja, akamtazama Mheshimiwa kwenye kioo. "Usijali, dada," akasema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Nikaweka kitana chini. "Mshindo ni mimi!" nikamwambia. "Mimi hapa! Huyo mtoto hana mshindo wowote, anataka tu watu wamtazame akiwa amesimama mbele yao! Mnakuja hapa na methali zenu, hakuna hata mmoja anayeuliza anapenda nini! Anapenda rangi ya kahawia! Anapenda friji!"

Mtu akazima drai. Yule mama akaondoka na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Baada ya muda akarudi, maana mtu hawezi kwenda mbali hivyo. Nikamwomba radhi, nikammalizia. Alipokuwa anatoka akamwinamia Mheshimiwa, akamuuliza anapenda kahawia ipi, ya giza au ya mwanga. Hakujibiwa. Lakini aliuliza.

Jumanne, 20 Mei

Mama mkwe amefungasha sanduku, paa limezibwa. Wakati wa kuaga alimshika Mheshimiwa mashavu, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nimempenda leo kuliko siku zote alizokaa hapa.

Ijumaa, 23 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa tena. Mvua ilituchapa njia nzima. Chumbani walikuwepo daktari na yule dada mtaalamu, meza fupi, picha, vibao vya mbao, na kwenye kona karibu na mlango ndoo ya plastiki ya kuwekea miavuli. Niliketishwa kwenye kiti cha ukutani na kuambiwa nisimsaidie, nisiseme, nisitabasamu hata akitazama.

Alipanga vibao vyote haraka kuliko nilivyotegemea. Aliambiwa aonyeshe mpira, akaonyesha. Aonyeshe kiatu, akaonyesha. Halafu zikaanza picha za kutaja. Hii ni nini? Kimya. Na hii? Kimya. Daktari hakukasirika, aligeuza picha moja baada ya nyingine, akiandika, na mimi nilikalia mikono yangu. Ni picha kumi na mbili au mia, sijui. Kila moja nilihisi mimi ndiye ninayefeli.

Kisha Mheshimiwa akainuka. Akatazama mlango. Akamtazama yule dada, halafu daktari, halafu mimi. Moyoni nilikuwa nasema njoo, njoo unishike, na wakati huohuo nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe kwa kutumaini mbele ya watu.

Hakuja. Alikwenda kwenye ndoo. Akavuta mwavuli mmoja, ulikuwa mrefu wenye mpini wa mbao, akauacha. Akavuta wa pili, akautazama, akauacha. Wa tatu ulikuwa wetu, ule wenye waya mmoja uliovunjika. Akauburuta sakafuni, maji yanachora mstari nyuma yake, akapita katikati ya wapimaji wake wote wawili, akaja akaulaza juu ya mapaja yangu. Gauni likalowa lote. Akasimama, akanitazama. Hakunitazama mdomo. Alinitazama macho.

"Mama, usinyanyuke kwanza," daktari akasema kwa upole. "Tuone kama atasema."

"Ameshasema, daktari."

"Nina maana neno."

"Najua una maana gani."

Nilinyanyuka. Nikachukua mkoba, nikampa mwanangu mkono. Yule dada wa mapovu aliinamia karatasi yake akaandika kitu, na hakunizuia. Daktari akatufuata hadi mlangoni. Akasema bado ni mapema kutoa jina, turudi Novemba. Nikamwambia tutarudi. Ninamaanisha hivyo, na usiku wa kuamkia siku hiyo nitakuwa na hasira zilezile.

Tulipofungua mlango wa nje tukakuta jua. Mvua ilikatika tukiwa ndani, mawingu yamekwenda, sakafu ya kibaraza inafuka mvuke. Mheshimiwa akasimama kizingitini. Akatazama mwavuli mkononi mwangu, akanitazama mimi, akangoja.

Nikaufungua. Tukateremka ngazi chini yake, tukapita mbele ya mabenchi ya wagonjwa, watu wote wanatutazama, na mlinzi wa getini akaniita.

"Mama, mvua imeisha!"

"Najua, kaka," nikamjibu, na tukaenda nao hivyohivyo hadi nyumbani.